Mvua Iliyopungua Kabuchai

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu huanza mstari zimesimama na kuumaliza zimelala, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Atakayepiga chapa anirekebishie tahajia, lakini asirekebishe niliyoyasema.

Kustaafu ni neno la wazee, nami sijafika miaka thelathini. Lakini kazi niliyoanza mwaka wa 2001 imekwisha, na siwezi kusema nimefutwa, kwa hiyo nimestaafu. Nilikuwa nazunguka kwa watu wanaosoma vipimamvua, kutoka Endebess hadi Kabuchai, nikikagua vyombo vyao na kuchukua kadi zao za mwezi, kisha nikizileta katika chumba ambacho mradi wetu ulikodi mjini Kitale. Kutoka hapo namba zilikwenda kwa watafiti wa tabianchi, kwa maafisa wa kilimo, na kwa machifu waliozisoma barazani. Siku hizi wasomaji wanatuma namba kwa simu, na mtu wa kubeba kadi hahitajiki. Nawaandikia ninyi vijana mnaokaa karibu na hiyo simu. Mtapokea namba bila kuona uso wa aliyeituma. Mimi nimeziona nyuso, na neno langu la kwanza kwenu ni hili: namba kufika salama si dalili kwamba ni ya kweli.

Nilipoajiriwa nilikuwa kijana wa Matisi asiyeweza kuongea mbele ya watu. Hata salamu niliitoa nikitazama viatu. Aliyenipokea alikuwa Bwana Kosgei, msimamizi wa mradi, mtu mrefu aliyeshuku kila kitu. Hata saa ya ukutani hakuiamini. Aliilinganisha na ya mkononi kila alipoingia. Siku ya kwanza hakunieleza lolote. Alitia maji katika glasi ya kupimia, ile nyembamba yenye mistari ya milimita, akaniambia nisome. Nikasoma. Akamwita karani, naye akapata namba nyingine. Kisha akasoma yeye mwenyewe, ikawa ya tatu.

"Sasa Hamisi, nani mwongo hapa?"

Nikaitazama tena ile glasi.

"Si useme. Ni mimi?"

"Hapana, bwana."

"Basi ni wewe. Umesoma ukiwa umesimama wima. Inama, jicho likae sawa na maji. Tena maji hupanda kidogo pembeni, kwa hivyo soma katikati, pale chini." Alinishika shingo akaniinamisha. "Mtu akisoma kutoka juu hajadanganya, lakini namba yake ni ya uongo. Mwingine anadanganya akijua. Ukienda huko nje utakutana na wote, na kazi yako ni kuwatenganisha."

Alinifundisha kushuku kwa utaratibu. Kadi ya mwezi mzima iliyoandikwa kwa kalamu moja, wino uleule, mkono uleule usiochoka, imeandikwa kwa kikao kimoja. Kadi ya kweli ina doa la chai, na ina siku chache za penseli kwa sababu mtoto alikwenda na kalamu shuleni. Namba zinazoishia sifuri au tano kila mara ni za mtu anayekisia akiwa mlangoni. Tulikuwa na msomaji mmoja upande wa Endebess ambaye kwake mvua haikunyesha Jumapili hata moja, na Jumatatu ilinyesha maradufu. Hatukumlaumu Mungu. Tulimwomba tu mzee yule asome kabla ya kwenda kanisani.

Nilijifunza kutafuta jani lililoziba faneli, mchwa waliolowa ndani ya chupa, na glasi ya kipimamvua cha ukubwa mwingine, maana kila upana wa mdomo wa chombo una glasi yake. Nikagundua pia kwamba mtu mwenye haya anaifaa kazi hii. Watu hawaupendi ukimya. Wakiukuta wanaujaza, na wakiujaza wanasema mengi ambayo hukuwauliza.

Kesi iliyonifunza zaidi ni ya Kabuchai. Kipimamvua cha huko kilikuwa pembeni mwa boma la Mama Nafula, mjane, mkulima wa mahindi. Mumewe ndiye aliyeanza kukisoma, zamani kabla sijaajiriwa, na alipofariki mama akaendelea. Watu wa pale walimwita Mama Mvua. Akipita sokoni walimuuliza, "Mama Mvua, tupande ama tungoje?" na walifanya alivyowaambia.

Bwana Kosgei alikuwa na karatasi kubwa ukutani ambapo mvua ya kila kituo ilichorwa kwa mstari wa rangi yake. Siku moja aliniita mbele ya karatasi hiyo. Vituo vya upande wa Bungoma vilipanda na kushuka pamoja kama kawaida, lakini mstari wa Kabuchai ulikuwa umeanza kubaki chini, na kila msimu ulibaki chini zaidi.

"Huyu mama anapika namba," alisema.

"Labda mvua imepungua kwake."

"Mvua iruke boma moja? Ina kinyongo na yeye?" Akauzungushia mstari ule kalamu nyekundu. "Ama amechoka, anakisia, ama kuna maji yanamwagwa kabla ya kusomwa. Mwisho wa mwaka namba zinakwenda kwa watafiti, na mimi sipeleki uchafu. Nikihakikisha anapika, nafuta Kabuchai yote tangu mwanzo, na chombo tunang'oa."

"Hata namba za marehemu?"

"Nyumba ni moja, kadi ni zilezile. Mtu akinidanganya leo, nitajuaje walianza lini?"

Nikatumwa Kabuchai, na nikaonywa nisiseme nimetumwa kwa nini.

Saa ya kusoma ni saa tatu asubuhi. Nilifika mapema, kwa sababu Bwana Kosgei alikuwa amenipa mtego: nimimine ndani ya faneli maji niliyokwisha kuyapima, bila kuonekana, kisha nione Mama Nafula ataandika nini. Alikuwa zizini akikamua, nikamimina. Saa tatu akaja amejifunga leso, akafungua chombo, akatoa chupa. Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Jana hapa haikunyesha hata tone. Nani ametia maji?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Nakuuliza, Hamisi."

"Pengine ni umande, mama."

"Umande wa nusu chupa? Huo umande umetoka Kitale na basi." Aliyapima maji yale kwa makini, ameinama vizuri, akaandika sifuri kwenye kadi, na pembeni akaandika: maji yametiwa na mtu. Aliiacha kalamu juu ya karatasi kwa muda, nikajua anafikiria kuongeza jina langu. "Mwambie aliyekutuma, akitaka kujua kama mimi ni mwizi wa mvua, aje aniulize na mdomo wake."

Nilikagua chombo hata hivyo. Nilijaza chupa na kuiweka juu ya gazeti, gazeti likabaki kavu, kwa hiyo haikuvuja. Glasi ilikuwa ya chombo chenyewe. Faneli ilikuwa safi na mdomo wake haukupinda. Sikupata kosa, na kutopata kosa kulinitia wasiwasi zaidi.

"Kama kuna mtu anamwaga," Mama Nafula alisema kwa sauti ya chini, "mimi sitaji jina." Akaelekeza mdomo upande wa pili wa fensi, ambako miwa ilikuwa imesimama. Shamba lile lilikuwa la Wekesa, shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu. Na Wekesa mwenyewe alikuwa amekwisha kutokea kati ya mistari, panga mkononi, akinitazama ninavyoandika.

"Wewe ndio wa kupima?"

"Ndiyo, mzee."

"Umepata futi ngapi?"

"Tunapima milimita."

"Milimita ya shamba?"

"Ya mvua, mzee."

"Ati mvua." Alicheka bila furaha. "Mvua inaingia kwa udongo inaisha, unaipima ya nini? Hiyo chuma imepigwa simiti. Iko na namba. Iko na fensi. Mimi nimeona bikoni za mipaka, kijana, zinaanzanga hivyo hivyo. Kwanza wanakuletea kitu kidogo, wanasema hii si kitu, halafu mwaka mwingine unaambiwa shamba yako inaishia hapo."

Hakunificha kwamba ndiyo sababu alipanda miwa hadi kwenye waya. Zamani pale palikuwa na nyasi za malisho. Alitaka siku mpimaji wa ardhi akija na chombo chake cha miguu mitatu, asiweze kuona kutoka pembe moja hadi nyingine. Sikumcheka. Miaka ile, mtu mwenye karatasi na chombo alikuwa wa kuogopwa, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili.

Nilipomweleza Bwana Kosgei, alitikisa kichwa. "Alikuona ukimimina."

"Hakuniona, bwana."

"Basi ni mjanja kuliko nilivyodhani. Ama ni huyo shemeji. Rudi ukae, uone nani anakaribia chombo."

Nilirudi nikitarajia kufukuzwa. Mama Nafula alinitokea na jogoo mkono mmoja na kisu mkono mwingine.

"Wewe ni Mwislamu, chinja mwenyewe, usiende kusema nimekulisha haramu. Leo utakula kwangu. Kama ni kunisema, utanisema ukiwa umeshiba."

Jogoo yule alikuwa mzee wa kijiji. Saa sita ilipita akiwa bado anachemka, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu moja ambayo ninyi wa simu mnapaswa kuijua. Upande ule mvua hunyesha alasiri. Sisi wakaguzi tulifika asubuhi, tukakuta maji yametulia ndani ya chupa, tukayapima, tukaondoka kabla ya barabara kuwa matope. Miaka yote niliyokwenda Kabuchai kwa ajili ya mvua, sikuwahi kuiona ikinyesha pale.

Ilianza nikiwa natoka msalani. Nilikimbia kukatisha uwanja, na kabla ya kufika jikoni nilikuwa nimelowa hadi ndani. Mama Nafula alinipa kitambaa. Tukasimama mlangoni, tukamwona Wekesa. Alikuwa akinichunga tangu asubuhi, na bila shaka alidhani nimengoja mvua ili nifanye jambo kwenye ile chuma bila kuonekana. Alikuwa amesimama kando ya fensi, mikono nyuma, kama askari wa benki.

"Mwache alowe," Mama Nafula alisema. "Analinda bikoni."

Mvua ilipopunguza kasi alikuja jikoni, maana harufu ya kuku ilikuwa imemfikia. Mama Nafula alimsogezea kigoda, kisha mkono wake ukasimama hewani.

"Mulamwa," alisema, maana ndivyo shemeji huitwa kwao, "ulijificha wapi?"

"Mimi nijifiche kwa nini? Nilikuwa pale kwa mkebe yenu. Si mliniona?"

"Tumekuona. Na mbona shati yako ni kavu?"

Wekesa alishika bega moja, akashika la pili. Miguu yake ilikuwa na tope na kofia ilikuwa na matone, basi. Mimi nilikuwa bado natiririka.

"Ilikuwa inapita juu," alisema polepole.

Tulitoka wote watatu. Mvua ilikuwa bado inakuja kwa ubavu, ikisukumwa na upepo kutoka upande wa mlima, na miwa, ambayo sasa ilikuwa ndefu kuliko paa la jikoni, ilikuwa imeinama juu ya waya. Chini yake kulikuwa na ukanda wa udongo uliolowa nusunusu tu. Kipimamvua kilikuwa katikati ya ukanda huo. Mama Nafula alitandaza kiganja juu ya faneli, akangoja, akaonyesha matone machache yaliyokiangukia.

Mtauliza kwa nini hatukuona mapema. Sheria tuliyofundishwa ilisema chombo kikae mbali na miti na majengo, angalau mara mbili ya urefu wa mti au jengo lenyewe. Tulipima umbali wa miti na tukapima umbali wa nyumba. Miwa haikuingia akilini mwa mtu, kwa sababu miwa ni mazao, na mazao huwa mafupi unapoyaona yakipandwa. Ilirefuka polepole, na namba zikashuka polepole.

Nilidhani Mama Nafula atafurahi. Alikasirika.

"Kwa hivyo ni wewe umekuwa ukiniibia."

"Mimi? Mimi nimepanda miwa kwa shamba yangu."

Ilibidi niongee, na nikaongea. Nilisema kwamba mistari iliyo karibu na fensi ikatwe, na kwamba isipokatwa, Bwana Kosgei atafuta namba zote za Kabuchai. Niliyasema nikitazama viatu, lakini niliyasema.

"Ndiyo hiyo sasa," Wekesa alisema. "Leo ni mistari kidogo, kesho ni shamba mzima. Mama, si nilikuambia?"

"Watafuta na za ndugu yako," Mama Nafula alisema.

"Zote?"

"Hamisi amesema zote."

Aliniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Akageuka akaitazama ile chuma. "Alikuwa anaamka na homa yake anaenda kusoma hiyo kitu," alisema. "Mimi nikimwambia ni ujinga." Lakini hakukubali kukata. Alisema hawezi kukata miwa kwa neno la kijana anayeongea na viatu. Aje mkubwa wake.

Mkubwa wangu alikuja, na alikuja na shaka zake zote. Shati kavu si ushahidi, alisema. Alibeba kipimamvua cha pili, akapendekeza kiwekwe mahali wazi, kwenye malisho ya Wekesa yaliyobaki, ili vyote viwili vilinganishwe.

"Unataka kuniongezea bikoni ya pili?"

"Si bikoni, mzee."

"Hata ya kwanza mlisema si bikoni."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Wekesa alitoa masharti. Hakuna simiti. Hakuna kibati cha namba. Kufuli iwe yake, na ufunguo ukae shingoni mwake. Na atasoma yeye mwenyewe, asisomewe na mtu.

"Na huyu asione namba yangu kabla sijaandika," alisema, akimwonyesha shemeji yake kwa kidole gumba.

"Na wewe usione yangu," Mama Nafula akajibu.

Bwana Kosgei, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Kitale, alitabasamu.

Nilimfundisha Wekesa kuinama. Alikuwa mwanafunzi mgumu, aliyetaka sababu ya kila mstari wa glasi, na kwa hiyo alisoma vizuri. Kila asubuhi walikuwa wakisoma saa ileile, mmoja huku na mwingine kule, wamepeana migongo, na kila mmoja aliniwekea kadi yake katika bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kadi hizo zilikuwa na madoa ya chai, penseli, na wakati mwingine malalamiko. Bwana Kosgei alizisoma kama mtu anayekula polepole. "Katika kazi hii," aliniambia, "sijapata namba safi kama za watu wawili wasioaminiana."

Mvua tulivu ilipoanguka, namba zao zilikaribiana sana. Upepo ulipokuwepo, chombo cha Mama Nafula kilibaki nyuma. Halafu trekta la kiwanda cha sukari likaja kuchukua miwa iliyokomaa, uwanja ukawa wazi, na tangu wiki ile mistari miwili ikaenda pamoja ukutani. Mwisho wa mwaka Bwana Kosgei hakufuta Kabuchai. Misimu ile ya miwa mirefu aliiandikia maelezo pembeni, kwamba namba ni pungufu na sababu yake ni nini. Namba nyingine zote, za marehemu na za mjane wake, zilikwenda kwa watafiti jinsi zilivyo. Alisafiri mwenyewe kumwambia Mama Nafula.

"Mama, nilikushuku."

"Nilijua. Na sasa?"

"Kidogo."

"Hiyo ni sawa," alisema Mama Nafula. "Hata mimi nakushuku."

Wekesa hakurudisha miwa kwenye waya. Alipanda maharagwe pale, na aliyemuuliza alimjibu kwamba udongo ulikuwa umechoka. Kufuli yake hakuiondoa.

Baada ya hapo, kila kituo nilichokwenda niliuliza kimepandwa nini karibu, si kimejengwa nini tu, na nilijifunza kuchelewa kuondoka. Nimelowa mara nyingi kwa sababu hiyo. Ninyi mtakuwa wakavu huko ofisini, na ukavu huo ndio unaonitia shaka.

Basi nina ombi, na anwani yangu mnayo. Kabla sijaondoka nilisikia mpango wa kuchukua namba moja tu kutoka Kabuchai, ati mbili za mahali pamoja ni kazi bure. Niandikieni mnieleze kama bado mnapokea mbili. Tena mziangalie vizuri. Wekesa ana simu yake, Mama Nafula hutumia ya binti yake, na nilipopita huko mara ya mwisho niliwakuta wamekaa benchi moja wanakunywa chai na kucheka. Nilifurahi, lakini sikulala vizuri. Namba zao zikitofautiana kidogo siku hadi siku, niandikieni kwa wakati wenu, sina haraka. Zikifanana kila siku, niandikieni upesi, nijue ni nani kati yao ameacha kwenda kwenye chombo.